Zuena Kwenye Simu ya Baba Vaileth

Jumatatu, 9 Juni
Vaileth anaota meno. Sijalala. Na Zuena, jirani tunayepakana naye ukuta, sasa anauza madera mtandaoni! Zuena huyuhuyu aliyeazima pasi yangu tangu Pasaka. Simu yangu imeisha chaji, nikachukua ya mume wangu Isack alipoingia kuoga. Nimemtazama Zuena mara kumi na moja. Sio wivu. Uchunguzi.

Jumanne, 10 Juni
Isack kaenda kuoga, nimechunguza tena. Dera la zambarau limemkaa, sitaki kusema uongo. Nikaandika pale chini kwamba linachuja rangi. Kumbe limetokea jina la Isack! Nikafuta. Nadhani nimefuta.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Nilishika simu ya Isack kutafuta dawa ya fizi za mtoto. Zuena! Nashusha, Zuena. Nashusha tena, Zuena kajigeuza. Fundi umeme mzima, kazi kutazama madera! Asubuhi tu Zuena kamwita dirishani: shem, njoo ulishike mwenyewe, halichuji. Ushahidi gani tena? Ugali nimempa. Salamu nimemnyima.

Ijumaa, 13 Juni
Isack kaapa hajui lolote. Kamwita mdogo wake Allen, anayetengeneza simu Mbezi. Allen kasema ukitazama kitu, simu inakuletea hichohicho, na wenye biashara wanalipia uletewe zaidi, mpaka udhani mji mzima unamtazama mtu mmoja. Akauliza nani mwingine anashika simu hii. Nikasema mtoto analia. Vaileth alikuwa kalala fofofo.

Jumamosi, 14 Juni
Isack kachoka kununiwa, kalala kwa Allen. Vaileth kaita baba, baba, mlangoni. Moyo umeniuma.

Jumapili, 15 Juni
Isack karudi na mama yake, kutoka Ukonga. Shikamoo, mama. Nimepiga magoti, nimekiri uchunguzi wote, nimeomba radhi. Machozi ya kweli. Isack kambeba mwanawe, kacheka. Amani! Jioni mama mkwe kasinzia, simu yake iko kwenye kochi. Nikaona nihakikishe tu maneno ya Allen. Dakika ishirini. Zuena ana dera jipya, la njano.

Jumatatu, 16 Juni
Mama mkwe kaniomba nimfungulie kwaya kwenye simu yake. Nafungua. Zuena! Nashusha. Zuena!
Hata mama mkwe! Ukoo mzima unanizunguka!