Ramu Nne za Kumposea Josia

Jumatatu, 12 Novemba 1951. Asubuhi manyunyu, ukungu mzito juu ya ziwa. Migomba inadondosha maji.

Barua ya chuo imefika. Nafasi yangu ya ualimu ipo, kuanzia Januari! Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeisoma mara nne. Ya tano nikamsomea Baba. Akasema vizuri sana, ila mgongo wa Mama haujapona, na yeye Baba hakuzaliwa kumenya ndizi. Mwanamke mwingine akiingia nyumba hii, mimi nitatoka. Si siku moja kabla.

Mwanamke mwingine maana yake mke wa kaka yangu Josia. Josia ana miaka ishirini na minane. Anampenda Klaudia wa Muleba mwaka wa tatu sasa. Amezungumza naye mara mbili, zote kuhusu bei ya kahawa.

Baya zaidi: jioni amepita Jovita, niliyesoma naye. Hakuja kunisalimia, alikuja kunijulisha. Kaka yake Kagaruki anakwenda kumposa Klaudia Jumatano ijayo, na vibuyu kumi na viwili vya rubisi, pombe ya ndizi, tena za shamba lao. Akasema anatumaini Josia atafika harusini awasaidie kubeba viti.

Tunakwenda Jumamosi hii. Josia hajaambiwa.

Jumanne, 13 Novemba. Jua la vipande vipande.

Baba mdogo Rugemalira ndiye mshenga wetu. Anamfahamu baba yake Klaudia, mzee Ndyamukama, askari wa Keya aliyepigana Burma. Anasema rubisi haimshtui tena mzee. Anayo ya kwake. Anachokililia ni ramu, waliyogawiwa vitani kwa kifuniko cha bati. Hakuna kikao asichoitaja. Mkewe akisikia neno Burma huenda kuchota maji hata mtungi ukiwa umejaa. Baba mdogo alisimulia kama kichekesho. Mimi niliandika.

Ramu dhidi ya vibuyu! Kagaruki kwisha!

Kikwazo cha kwanza: sheria haimruhusu Mwafrika kununua pombe kali ya Kizungu dukani. Kikwazo cha pili: sijui ramu ni nini. Hiki nimekimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ninao ukurasa wa gazeti la Kiingereza uliofungiwa sabuni, na unasema aina za ramu ni nne. Nyeupe hunywewa na ndimu na sukari. Ya dhahabu hunywewa na barafu, polepole, mkitazamana. Nyeusi hunywewa peke yake baada ya chakula, nayo ikae mdomoni kabla ya kumezwa. Ya viungo hupashwa moto siku ya mvua. Mahali pa kueleza inavyotengenezwa pamechanika. Limebaki neno moja: miwa.

Linatosha. Ramu ni moto utokao kwenye miwa. Enkonyagi, gongo ya hapa kwetu Hamugembe, ni moto utokao kwenye ndizi. Mua mmea, mgomba mmea. Tofauti ni ya rangi tu.

Jumatano, 14 Novemba. Jua kali tangu alfajiri.

Dukani kwa Bashiri, Bilele. Sukari guru, karafuu, mdalasini, ndimu. Bashiri akauliza pilau ni ya nani. Nikasema ni dawa ya kifua. Akasema basi ongeza tangawizi, mwanangu, akamwita mkewe Sada anieleze kipimo. Sada alieleza nusu saa, kisha akaniombea nipone. Nilitoka nimejaa dua na uongo.

Enkonyagi sikuweza kuifuata mwenyewe. Niliapa kanisani nikiwa na miaka kumi na mitatu kwamba sitagusa kileo, na sasa ni katibu wa wasichana walioapa. Nimemtuma Josia. Ikabidi nimweleze mpango wote. Akauliza kama hatuwezi kungoja mwaka mmoja zaidi. Alikwenda saa nne, akarudi saa tisa, akiimba.

Jikoni. Chupa ya kwanza nimeiacha ilivyo: nyeupe. Ya pili, sukari iliyounguzwa kidogo: dhahabu. Ya tatu, sukari guru na kahawa nzito: nyeusi. Ya nne, karafuu, mdalasini na tangawizi ya Sada. Kuonja siwezi, kwa hiyo nimepima kwa macho, kwa pua na kwa kiberiti. Kiberiti kimethibitisha ubora. Kitambaa cha meza cha Mama hakipo tena. Mama akauliza. Nikasema ni Sayansi. Akasema Sayansi ikalale nje.

Alhamisi, 15 Novemba. Mvua kutwa.

Nimeandika lebo nne kwa mwandiko wangu bora. Jovita amekuja kuazima sindano. Akanusa. Akauliza harufu hiyo ya nini. Nikasema mafuta ya taa. Akasema basi taa yenu usiku lazima inacheza ngoma.

Sindano hajarudisha.

Ijumaa, 16 Novemba. Mawingu, hakuna mvua.

Baba mdogo amekuja na vibuyu viwili vya rubisi, vya heshima, anasema, tusije tukaaibika. Nimevikataa. Kwenda na ramu huku umeficha rubisi mgongoni ni kutojiamini. Akaniambia, "Waitu Kemilembe, sijawahi kuona kitabu kilichokwenda kuposa kikapewa mke." Baba akasema mwache, yeye ndiye aliyesoma. Vibuyu wamevimaliza wao wawili.

Barafu Bukoba nzima sijaipata. Tutatumia maji ya kisima. Nimeandika orodha ya kesho: basi, ndimu, vikombe, maneno ya Josia (mafupi), jumla mambo kumi na tisa. Hakuna nililosahau.

Jumamosi, 17 Novemba. Manyunyu. Basi la saa mbili. Chupa nimezifunga kwa majani ya mgomba na kuzipakata kama mtoto mchanga.

Jioni, ndani ya basi. Ramu nyeusi nzuri. Sana. Ikae mdomoni kwanza. Klaudia pia mzuri. Mzee kapiga saluti. Nilimwambia. Nilimwambia nini? Baba mdogo amekwenda kukaa kiti cha mbali. Barabara inazunguka.

Jumapili, 18 Novemba. Hali ya hewa sijui. Dirisha halifunguliwi, mwanga unaniua.

Kanisani sikwenda. Naandika haya mchana, mengine kwa ushahidi wa Josia.

Tulipokewa vizuri. Tukapewa akamwani, buni za kutafuna, kama wageni wa maana. Mzee Ndyamukama alivaa koti lake la Keya. Kando yake mama yake mzazi, kikongwe, ametulia kimya. Nikasimama, nikafundisha aina nne na namna ya kufaidi kila moja. Kila nilipotaja ramu mzee alinyoosha mgongo. Nikamimina nyeupe. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Hakupokea.

Wote wananitazama mimi. Ndipo nikakumbuka lile ambalo kila mtoto wa Kihaya analijua kabla ya kujua kutembea: aliyemimina huonja kwanza. Mambo kumi na tisa, na hilo halimo! Josia akanyoosha mkono aniokoe. Mzee akasema hapana, kijana, mkono uliomimina ndio utakaoonja. Kukataa ni kusema nimeleta sumu. Kwaheri Klaudia, kwaheri chuo.

Nilikifikiria kiapo changu kwa muda wa kutosha, kama kupepesa jicho. Nikanywa. Na kwa kuwa chupa ni nne, vikombe navyo vinne. Nyeupe: machozi. Dhahabu: nilimtazama Josia kama ukurasa ulivyoagiza, walikuwa wawili. Nyeusi: nikarudia, kwa uhakika. Ya viungo siikumbuki.

Kuanzia hapa ni Josia. Anasema mzee alikunywa nyeusi, akafumba macho, akasimama, akapiga saluti. Akatangaza kwamba ndiyo yenyewe, ile ile aliyowagawia Kapteni wao Burma, angeitambua hata usingizini. Hapo nikacheka. Nikamwambia, "Tata, hiyo ni enkonyagi ya Hamugembe na kahawa ya Mama." Sikukomea hapo. Nikasema nataka kwenda chuo, namwoza Josia ili mimi nitoke, na Josia anampenda Klaudia miaka mitatu ila ulimi wake unajua kahawa tu.

Baba mdogo akaanza kutafuta kofia yake. Mzee alibaki amesimama, mkono wa saluti kichwani. Kisha mkewe akaangua kicheko. Miaka sita ameisikiliza Burma! Alicheka mpaka akashika nguzo, akasema, "Baba Klaudia, shusha mkono, Kapteni ameshaondoka." Kicheko hicho kikamtoa Klaudia nyuma ya nyumba. Akamwuliza Josia mbele ya wote kama niliyosema ni kweli. Josia akasema ndiyo. Neno moja, wala si kahawa! Klaudia akamwambia baba yake basi Kagaruki asijisumbue na vibuyu.

Mzee akashusha mkono. Akasema sawa, lakini tutamletea rubisi ya kweli, ya ndizi alizozikanyaga Josia kwa miguu yake, na mimi nisiisogelee hata kwa kivuli. Tumekubaliwa!

Ila. Siku ya harusi hutajwa na yule kikongwe. Ametaja Julai, kahawa ikishavunwa. Julai, na chuo ni Januari! Nimemwendea Baba. Amesema neno lake ni lile lile, na akaniuliza kama naona vizuri.

Nimetafakari kosa langu kwa utulivu. Mambo yalikuwa kumi na tisa. Yalipaswa kuwa ishirini.

Kesho nitaungama kwa mchungaji. Keshokutwa kazi. Josia anasema kikongwe alitamka sentensi moja tu siku nzima: kwamba ugoro wa siku hizi ni vumbi, si kama ule wa Buganda wa usichana wake. Akiupata, hata Desemba ataweza kuitaja. Ugoro sijaugusa maishani. Lakini ni majani makavu yaliyosagwa, na majani makavu tunayo shamba zima. Nimemwambia Josia alete kinu. Anasema Julai si mbali.

Nalala saa kumi na mbili kasorobo jioni. Kuku bado wako nje.