Ombi la Kutangazwa Marehemu kwa Siku Kumi na Nne

Jengo la 14, Mlango B,
Mtaa wa Lipite, Bulgaria.
22 Septemba

Kwa Ndugu Rangel Tupankov,
Mwenyekiti wa Wakazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako linaendelea kupata nafuu. Mimi ni Zdravka Peneva wa ghorofa ya nne, yule anayeandika matangazo ya maji kukatika. Kwa heshima zote naomba ruhusa ya kubandika tangazo langu la msiba kwenye mlango wetu wa chini, lenye picha na fremu nyeusi kama ada, kuanzia Jumatatu ijayo hadi Jumapili ya wiki ya pili. Baada ya hapo nitafufuka bila kuwasumbua wakazi.

Usidhani nimepata kichaa. Mwezi uliopita nilibandika tangazo la marehemu Metodi wa ghorofa ya pili, na nilipokuwa nalainisha gundi nikasoma maneno ya chini kabisa: "Pumzika kwa amani." Nakiri kwamba niliona wivu. Metodi, Mungu amrehemu, alipumzika pale kwenye benchi miaka ishirini akicheza karata, na sasa ameongezewa. Mimi nina miaka hamsini na tatu na sijawahi kuambiwa hata neno la kwanza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi yetu ya vizazi na vifo ilikuwa na wanawake watatu. Wawili wamestaafu, na meza zao zimesogezwa zikagusana na yangu. Mkuu wangu hunisifu kwamba mimi ni mashine. Nilipoomba likizo ya mwaka juzi, alinijibu kwamba watu hawaachi kuzaliwa eti kwa sababu Zdravka amechoka. Nilikagua daftari. Ni kweli, hawaachi.

2. Mama mkwe wangu, Mama Tsonka, amenunua kilo themanini za pilipili hoho nyekundu za kuwekea akiba ya baridi. Nikitoka kazini nazichoma kwenye roshani, nazimenya, nazijaza kwenye chupa, nazichemsha. Nyumbani tuko watatu. Chupa za mwaka jana bado ziko chini ya kitanda changu, mia moja na kumi. Nikigusia jambo hilo ananiambia, "Baridi ikija utanishukuru, binti yangu." Tangu niolewe baridi imekuja mara ishirini na nane.

3. Mume wangu Ognyan hunisaidia sana. Huniambia nikae kitako, kisha huniuliza chumvi iko wapi.

4. Samahani, hili linakugusa. Kamati yako iliponichagua kuandika matangazo, ilisema ni kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Tangu wakati huo nimeongezewa maua ya ngazini, ufunguo wa chumba cha chini, na paka wa Metodi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nafahamu. Lakini Jumanne nililala ndani ya lifti nikiwa nimesimama, nikapanda na kushuka mara nne. Mkeo Snezhina ndiye aliyeniamsha, kwa upole kabisa. "Jamani Zdravka mwenzangu, umechoka wewe!" akasema, akanikabidhi suruali yako nibadilishe zipu.

5. Daktari amesikiliza moyo wangu na hakuupenda. Amesema nipunguze shughuli kwa wiki mbili, la sivyo moyo utazipunguza wenyewe. Kisha akaniomba nimtafutie cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Ndugu Mwenyekiti, naogopa. Nimekitafuta, lakini naogopa.

Njia nyingine nimeshazijaribu. Niliumwa, wakaja watu kunijulia hali, nikawapikia kahawa. Nilikwenda kwa dada yangu, wakanipigia simu kuuliza ufunguo. Marehemu peke yake ndiye asiyepigiwa simu. Kwa miaka yote niliyoandikisha vifo, sijaona hata mmoja akiitwa arudi kumalizia faili. Wanasema punda afe mzigo ufike. Mimi naomba tutekeleze nusu ya kwanza tu, tena kwa siku kumi na nne.

Naahidi kukaa chumbani pazia likiwa limefungwa, kutembea kwa soksi, na kutotumia mhuri wa ofisi kwa jambo hili.

Nisalimie Snezhina, wajumbe wa kamati, na majirani wote kuanzia chini hadi juu. Paka naye anawasalimu.

Wako mtiifu, aliye hai hadi Jumatatu,
Zdravka Peneva

Nyongeza: Nisamehe, sikungoja jibu. Leo asubuhi nilibandika nakala moja kuona kama gundi itashika. Snezhina akatoka na kapu lake, akaisoma mpaka mwisho, akalia, akanikumbatia, maana nilikuwa nimesimama palepale na brashi mkononi. "Maskini Zdravka wetu, alikuwa mtu wa watu!" akasema. Halafu akafuta machozi akauliza, "Sasa ile ngano tamu ya kuchemsha, ya arobaini ya Metodi, atatupikia nani?" Nikajibu kabla sijafikiri: mimi. Mama Tsonka alikuwa dirishani, akapaza sauti nisisahau kutia kokwa za jozi na sukari ya kutosha.

Kwa hiyo naondoa ombi langu. Nimeshaloweka kilo tatu. Naomba unirudishie sufuria kubwa mliyoazima wakati wa Pasaka, na wakazi wafike Jumamosi saa sita mchana. Tangazo la msiba nimelibandua, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nilisahau kuandika "Pumzika kwa amani." Nafasi yote ilikuwa imejaa maelekezo ya ufunguo uko wapi na paka anakula nini.