Malisho Yatagawanywa kwa Mwenendo wa Kitunguu

Serikali inapenda kuwatangazia wafugaji wote wa upande wa Hadado kwamba malisho yao sasa yatagawanywa kisayansi, kwa kufuata mwenendo wa kitunguu.

Mimi karani ndimi niliyeisoma amri hiyo hadharani, mwaka 1951, wala sikuona kasoro. Bwana Disii wetu, mkuu wa wilaya, alikuwa ametembelea shule, akachungulia hadubini ya Mwalimu Mursal, akaona ncha ya mzizi wa kitunguu. Ndani ya seli moja, nyuzi za kiini zilikuwa zimejipanga katikati, kimya. Katika seli jirani nyuzi zilikwisha kuvutwa pande mbili, na ukuta umeanza kujengwa kati yake.

"Foleni, mpaka, na hakuna fujo!" akasema. "Kitunguu kinatawalika kuliko wafugaji."

Alasiri ile ile akachora mpaka. Wa mashariki asivuke magharibi bila kibali. Kisima cha pekee kikaangukia magharibi, maana lazima kiangukie mahali fulani.

Kesho yake askari walimzuia Gumato, mwenye ngamia wa mashariki, siku ya zamu yake ya kunywesha. Akaja ofisini, ngamia wakilia nje.

"Bwana Disii, leo zamu yangu. Mzee wa kisima ametaja jina yangu mbele ya watu."

"Mama, hii ni sayansi. Seli hugawanyika."

"Hiyo seli, nusu yake moja nakufa kiu?"

Mwalimu Mursal akaitwa aeleze. "Hapana, eedo," akasema taratibu, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kwanza nyuzi zake zote, maana ndizo zenye maagizo ya uhai. Kila upande hupata nakala kamili. Ukuta huja mwisho."

"Wallahi, kitunguu iko na akili! Sasa nyinyi, kisima ya pili iko wapi?"

Hakuna serikali inayokubali kupitwa na kitunguu. Bwana Disii akausimamisha mpaka hadi kisima cha pili kichimbwe, na Gumato akanywesha ngamia wake siku ile ile. Kisha Bwana Disii akawaandikia wakubwa wake, akiisifu sayansi yake.

Wakubwa walifurahi mno. Kisima kikachimbwa mashariki, na maji yakatoka. Kwa kuwa kanuni ni kanuni, wakanakili na vilivyobaki: ofisi, bendera, hata karani. Mwisho lori likaleta maofisa wawili vijana.

"Karibuni, wasaidizi wangu!" akasema Bwana Disii.

"Mimi ni Disii wa mashariki," akasema mmoja.

"Mimi wa magharibi," akasema mwenzake.

Bwana Disii akamgeukia Mwalimu Mursal. "Seli mama ikishagawanyika, yenyewe hukaa wapi?"

"Haikai popote, bwana. Hubaki seli binti mbili tu."

Tukampandishia sanduku lake kwenye lori lile lile. Dereva, ambaye hakusoma sayansi, hakuwa hata amezima injini.