Natafuta Nchi ya Saizi Yangu

Jumatatu, 4 Mei

Nimeamua. Nahama nchi. Si kutembea, kuhama kabisa, na pasi yangu ya makaa ndani ya begi.

Sababu ni kinyozi. Tunagawana kibaraza mbele ya duka la vitambaa: cherehani yangu kulia, kiti chake na kioo kushoto. Ujanani aliwahi kunyoa watu ughaibuni, msimu mmoja wa baridi, akarudi na kikohozi. Tangu hapo hamalizi sentensi bila kusema nilipokuwa nje. Nilipokuwa nje watu wanapanga foleni. Nilipokuwa nje hata mbwa ana daktari wake. Mtaa mzima unamwita Bwana Nje, na yeye anadhani ni heshima.

Leo dereva wa teksi kaja kuulizia suruali yake. Nikamwambia njoo Ijumaa, kama ninavyomwambia kila mtu. Bwana Nje akauacha wembe hewani, akasema kwa sauti ya kuhubiri kwamba alipokuwa nje, fundi akisema Ijumaa, basi ni Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Wakacheka wote. Hata yule aliyekuwa kitini na povu mdomoni.

Mdomo ukaniponyoka. Nikasema huko nje anakokuimba kila siku, mimi naenda kuishi. Akauliza nchi gani. Nikamjibu bado nachagua, ziko nyingi. Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu tufahamiane. Kimya kitamu kama asali.

Sasa imebaki kuchagua tu.

Jumanne, 5 Mei

Bwana Nje ana ramani kubwa ya dunia ukutani, juu ya kioo, ya kuwaonyesha wateja alikofika. Alipokwenda kunywa chai nikapanda kiti chake na tepu yangu. Shule yangu iliishia pale mwalimu alipohama, lakini kupima najua. Na nchi ni kama nguo tu. Unaangalia umbo, unaangalia pindo, unajiuliza kama itakukaa.

Chile: imekatwa kama mkanda. Ukijigeuza usingizini unaanguka baharini. Norwei: pindo lote limechanika na hakuna aliyejishughulisha kulikunja. Italia ni kiatu, hiyo kazi ya wengine. Nyuzilandi ni vipande viwili vilivyobaki baada ya kukata Australia. Kanada kitambaa kingi, ila kule juu kimeliwa na mende. Urusi sikuimaliza, tepu iliisha kabla yake.

Halafu nikaiona Ureno. Mfuko. Mfuko safi wa kifuani, umebandikwa ubavuni mwa Hispania, umenyooka kama umepigwa rula. Nimeshona mifuko maisha yangu yote na mfuko mzuri naujua. Mzee anataka nini zaidi ya kukaa mfukoni, kwenye joto?

Bwana Nje akanikuta juu ya kiti, tepu imezunguka kiuno cha Afrika. Akauliza, haya mzee, huko Ureno unamjua nani? Nikamwambia hapa nawajua wote, na faida yake ndiyo hii, kuhojiwa nikiwa juu ya kiti.

Baada ya chakula nikampasha habari mke wangu. Huyu ndiye Serikali ya nyumba hii, na humu nitamwita hivyo. Nilitarajia machozi. Kidogo tu, ya adabu. Serikali akaendelea kukunja shuka. Akauliza kama huko kuna baridi. Nikasema ya wastani. Akasema basi ubebe fulana nene, baba watoto, na kabla hujaenda unishonee gauni langu.

Hapo nikapaliwa na maji. Gauni lile lina historia. Kitambaa cha bluu, cha kuvaa kwenye harusi ya binti yetu mdogo. Binti sasa ana mtoto anayejua kusoma. Nilimwambia njoo Ijumaa.

Jumatano, 6 Mei

Habari zimevuka barabara kabla sijatia uzi kwenye sindano. Kila mwenye kitambaa kwangu katokea. Nilitegemea kusikia usiende, mzee wetu. Wote wanasema kabla hujaenda.

Dereva kasimama na mikono kiunoni, anataka suruali. Nesi wa zahanati kasema, babu, ukiondoka na sare yangu nakufuata hukohuko, na sindano ninayo. Halafu akaja yule kijana wa suti ya harusi. Alioa kwa shati. Leo kaja na mkewe na kitambi kipya, nikampima upya, nikalazimika kuongeza mkono mzima wa kitambaa. Mkewe akaniuliza kama naona aibu. Nikamwambia aibu ni ya anayempikia.

Nikawaambia wote Ijumaa, nikajiona nimepona. Hapo akatoka Mama Vitambaa, mwenye duka na mwenye kibaraza. Akasema kwa upole Ijumaa ni sawa kabisa, maana Jumatatu upande wangu anampa Bwana Nje aweke kiti cha pili. Nikauliza Jumatatu ipi. Akasema hii inayokuja, mzee, siyo kama Ijumaa zako.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa pale tangu cherehani ile ikiwa bado na rangi. Pale ndipo ninapojua nani kanenepa, nani kakonda kwa mawazo, nani kashona sare na mtu asiye wake. Nikiondolewa, nitashinda nyumbani kutwa nzima na Serikali, na tutamalizana kwa heshima zote.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Siendi Ureno. Sijui hata mlango wake unatazama wapi. Lakini nitasemaje mbele ya kinyozi?

Alhamisi, 7 Mei

Nina mpango. Nitawashonea vizuri mpaka walie. Wakishalia, watamwangukia Mama Vitambaa wamwambie mzee asiondoke, mpe kibaraza chote. Mimi nitakataa kidogo. Halafu nitawahurumia.

Nimeshona kutwa. Mgongo unalia kama bawaba. Bwana Nje kaleta kiti cha pili leo hii, hakungoja Jumatatu, kakiweka pale kiwiko changu kinapopita. Halafu kapanda kupigilia msumari wa kioo cha pili juu ya kichwa changu, na mimi nikiwa chini yake. Chokaa ikaanguka kwenye suti ya harusi. Akasema pole fundi, nilipokuwa nje kuta ni za mbao.

 Koti lake jeupe la kazi lilikuwa kwangu, aliniletea nimtie kifungo. Nimelirudisha limekunjwa vizuri. Kifungo kipo. Mikono yote miwili ya koti nimeifunga mwishoni, mshono wa kurudia.

Ijumaa, 8 Mei

Leo imekuwa Ijumaa kweli. Wateja wenyewe walishtuka.

Dereva akavaa suruali, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema kumbe fundi unajua. Kumbe! Nesi akazungusha mabega, akasema sare haijawahi kumkaa hivi, safari njema babu. Kijana wa suti akafunga vifungo vyote, akavuta pumzi, na hakuna kilichoruka. Mkewe akampangusa bega akaanza kumtazama kama mtu mgeni. Wakaondoka wameshikana mikono.

Hakulia mtu. Walishukuru, wakachukua vyao, wakaenda. Mpango umekufa. Kazi nzuri ni hasara tupu: rafu imebaki wazi, na mwenye rafu tupu nani atamzuia asisafiri?

Imebaki bluu ya Serikali.

Jumamosi, 9 Mei

Nimempima mke wangu. Nilidhani vipimo vyake navijua kwa kichwa, nikaanza kukata kwa macho. Akasema pima. Nikapima. Nimekosea kila mahali. Mabega yamekuwa madogo, na mimi nalala kando ya mabega hayo kila siku.

Akiwa kainua mikono akaniuliza kama huko Ureno atakuwepo mtu wa kuniambia nimefunga vifungo mshazari. Nikajitazama. Kweli, mshazari. Nikamwambia nitaajiri. Akasema mh.

Akauliza tena, sasa mimi utaniachia nini, hii cherehani? Nilitaka kumwambia siendi popote, mama. Nilikuwa na pini mdomoni.

Gauni nimelimaliza mchana. Nimelitia bitana ambayo hakuiomba.

Jumapili, 10 Mei

Wameniandalia sherehe ya kuniaga pale kibarazani. Viti vya duka, soda, dereva katoa spika kwenye teksi. Mama Vitambaa kanizawadia begi la safari, kubwa, lenye magurudumu. Kibandiko cha bei bado kimening'inia.

Serikali alichelewa makusudi. Akaja na gauni la bluu. Kinyozi aliyekuwa akisema nilipokuwa nje akaishia njiani. Nesi akapiga kelele, mama we, mbona umetuficha! Serikali akazunguka mara moja tu, polepole, kama nilivyomwona akizunguka zamani, kabla hajawa Serikali. Nikasema moyoni, huyu mtu unamwacha uende ukakae mfukoni?

Bwana Nje akasimama kutoa hotuba. Akalivaa koti jeupe, kwa heshima ya siku. Mikono ikaingia, haikutoka. Akabaki kaninyooshea magunia mawili, anapunga. Watu wakavunjika mbavu. Angalau hilo nimelipata.

Nikaona ndiyo nafasi yangu, watu wangali wanacheka. Nikasimama, nikakunja uso, nikatangaza kwamba nimepigiwa simu asubuhi. Ureno wamejaa. Wamesikitika sana, wameomba radhi, lakini hata mtu mwembamba hapenyi.

 Mama Vitambaa akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mke wangu. Serikali akasema, si nilikwambia, Jumatatu hafiki.

Kikapasuka kicheko ambacho hata Ureno wamekisikia.

Kumbe Jumatano asubuhi, mimi nikihangaika na uzi, Serikali alikuwa kazunguka mtaa mzima. Kawaambia mzee haendi hata stendi, lakini yeye anadhani mnaamini, basi mwenye kitambaa akakichukue sasa, bahati kama hii hairudi. Kiti cha pili Bwana Nje kakitoa sebuleni kwake. Kioo ni cha mkewe. Msumari tu ndio wa kweli. Mama Vitambaa akaniomba begi lake, ana mteja kesho.

Nikamvuta Serikali pembeni, nikamuuliza je, kama ningekwenda kweli? Akasema ningekushukuru kwa gauni. Akanifungua vifungo vya shati, akavifunga upya, sawa.

Kibaraza ni changu. Mama Vitambaa katoa sharti moja mbele ya watu wote: Ijumaa iwe Ijumaa. Nimekubali mbele ya mashahidi. Nimejifunza. Mtu mzima haongopi kwa sababu ya kinyozi.

Jumatatu, 11 Mei

Nimerudi kwenye cherehani yangu. Kiti cha pili hakipo, msumari upo, nimetundikia kofia. Mteja wa kwanza ni mwalimu, kaleta kitambaa cha pazia. Nikampima dirisha lake kwa maneno, nikamwambia Ijumaa. Akauliza ipi. Nikamwambia mwalimu, usiharakishe mambo.

Bwana Nje alikuwa kakaa anafumua mikono ya koti kwa wembe, bila haraka. Akasema taratibu, bila kuinua kichwa, kwamba alipokuwa nje hakuwahi kuona mtu akihama nchi na kurudi bila kutoka kibarazani.

Nikajifanya natia uzi kwenye sindano.  Halafu macho yakapanda yenyewe kwenye ramani, yakateremka mpaka chini ya Brazili, na pale nikaona kitu ambacho Jumanne nilikikosa. Urugwai. Kiraka. Kiraka kidogo kimekaa mahali pake, pembe zake zimelala vizuri.

Nikamwambia Bwana Nje kwamba Ureno, kusema kweli, ilikuwa inanibana. Mtu wa mwili wangu anahitaji Urugwai. Nikamwambia safari hii hakuna wa kunizuia, naondoka mwisho wa mwezi, na cherehani naiacha.

 Hakucheka. Akainuka kimyakimya akaingia dukani, na nikamsikia Mama Vitambaa anapiga simu, anamuuliza mke wangu kama ana kitambaa kingine nyumbani akilete leo, na amwambie na nesi.

Safari hii nadhani wameamini.