Mama Hajui Kuwa Ni Mwanachama

Jumatatu, 4 Machi 2002

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Miezi mitatu sasa, pesa ya sadaka anayonipa Mama ya kanisani naipeleka kwa Télesphore, fundi viatu, msimamizi wa ikirimba, chama cha kusaidiana, cha wagonjwa hapa mtaani Mutakura. Nimemwandikisha Mama. Akilala mgonjwa, mwanachama wa kazi ileile atamshikia nafasi wiki mbili, na pato lote litaletwa kwetu. Mama akijua, nimekwisha! Yeye husema anayeuwekea ugonjwa akiba anauita kwa jina, nao utaitika. Lakini tunakula kwa mandazi yake. Mimi nimemaliza shule na kuuza siwezi. Mteja akinitazama tu, namwachia bure.

Mpango mzuri. Hakuna kinachoweza kuharibika.

Jumatano, 6 Machi

Umeitika! Mama ana malaria. Anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mchana mizinga ya vita imelia huko milimani, tumeizoea, hakuna aliyegeuza kichwa. Lakini ugonjwa huu, ni mimi niliyeuita!

Nikakimbia kwa Télesphore. Akasema pole, ila sheria ni sheria: wanachama watatu waje wamwone mgonjwa kitandani, kwa macho yao.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Wamekuja Télesphore, mzee Radjabu muuza makaa, na... Léoncie! Yule anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara, ambaye Mama hajamsalimia tangu Krismasi. Mama kusikia sauti yake, akaruka kitandani, akafunga kitenge, akawasha jiko. Mgeni hapokewi ukiwa chali.

Léoncie akamwambia, kwa sauti ya asali, "Mama Laure, unatoka jasho kama sufuria ya maharage."

"Ni moto wa jiko! Mi niko muzima. Laure, we mutoto, leta sahani."

Radjabu akala mandazi matano, akamnong'oneza Télesphore aandike: mzima kabisa. Nilitaka kusema. Lakini ningesema, Mama angejua yote. Walipofika njiani, Mama akaanguka kando ya jiko. Nikawakimbilia, nikavuta koti la Radjabu kama mbuzi. Wakarudi. Wakaona.

Ijumaa, 8 Machi

Muuguzi ametoa kwinini, amesema Mama asiguse jiko wiki mbili. Nikaenda kuona nani anatushikia nafasi. Mungu wangu! Sikuwa nimefikiri: mwanachama wa kazi ileile ni nani mwingine? Kwenye kigoda cha Mama amekaa Léoncie. Anakaanga, anawaita wateja wetu "wapenzi." Nikajificha nyuma ya magunia ya Radjabu.

Jioni kaleta pato lote, na mandazi manne ya mgonjwa. Akanikonyeza. Hakutaja ikirimba. Nikapoa kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Mama ameketi. Amesema mandazi ya Léoncie hayana chumvi. Amekula yote. Kisha akafuta machozi: "Unaona, Laure? Hatukuuwekea ugonjwa akiba, Mungu akatuma hata adui." Nikasema ndiyo, Mama.

Baada ya misa nimepita kwa Télesphore kushukuru. Ameniambia kuna ikirimba kingine, cha mazishi. Nikawaza: kweli, siku ile ikifika, nani atanunua sanduku? Sadaka ya leo imetosha. Nimemwandikisha Mama.

Narudi nyumbani, namkuta anapiga chafya.

Wewe unayesoma daftari hili, nakuomba, funga mdomo. Hasa Mama akiwa karibu.