Pipa Jekundu na Pipa la Bluu

Jumatano, 23 Aprili

Mgongo umekufa. Magunia themanini na mawili ya alizeti tangu asubuhi, yote kwa bega hili hili la kulia. Huu mwaka wa pili niko Iguguno kwenye mashine ya kukamua ya Mama Witness. Kwetu Newala ni mbali, siku mbili za basi. Sikuja huku kufia chini ya gunia.

Lakini leo kuna habari! Mama Witness ametuita mimi na Zefania. Amesema msimu uliopita mashine ilizimika siku nne kwa sababu ya maji kwenye dizeli. Wakulima wakabeba alizeti yao wakaenda kwa jirani, na wengine hawajarudi. Mwaka huu anataka mtunza mafuta. Mtu mmoja. Dizeli iwe safi, isiwe na tone la maji. Mtu huyo habebi gunia! Hata moja! Tena anapewa chumba cha nyuma, chenye mlango.

Tumegawiwa mapipa mawili. Jekundu langu, la bluu la Zefania. Jumatatu fundi Gabrieli anakuja kupima. Mwenye dizeli safi ndiye mtunza mafuta.

Nimempigia mke wangu, Somoe. Nimemwambia kazi nimeshapata. Ya nini kumsumbua na habari za Jumatatu? Amepiga kigelegele hadi simu ikakwaruza.

Zefania ni mtu wa hapa hapa, Mnyiramba, mwimba kwaya, hana haraka na chochote. Aliniambia, "Mmakonde, tusaidiane." Nikasema sawa. Mtego naujua nikiuona.

Alhamisi, 24 Aprili

Zefania kichekesho! Pipa lake kaliweka kibandani chini ya bati, kaliinua upande mmoja kwa tofali kama mgonjwa aliyewekewa mto. Nikamuuliza kama pipa lina homa. Akanieleza kwa upole, utadhani nimekuja kujiandikisha darasa la kwanza: maji ni mazito kuliko dizeli, yatashuka upande wa chini, na yeye kila asubuhi atayanyonya kwa mpira. Kizibo kimekazwa, kipo upande wa juu. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Mimi natumia akili ya mashine. Mafuta ya alizeti yakiwa na unyevu, hapa tunafanyaje? Tunafungua pipa juani. Unyevu unapanda, mafuta yanabaki. Kila mtu anajua. Mafuta ni mafuta. Nimeliviringisha pipa langu hadi katikati ya uwanja, nimelisimamisha, nimetoa kizibo nikakitia mfukoni. Kisha nikakaa kivulini. Mkulima mmoja akanisalimia, "Bosi, za kazi?"

Sauti tamu sana ile.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua! Aprili inaisha, wazee wote walishasema basi, imenyesha saa nane mchana. Na wapi nilikuwa? Dukani, Mama Witness kanituma misumari. Nimekimbia na kizibo mkononi kama mtu anayerudisha jino la mwenzake. Maji yalikuwa yametuama juu ya pipa, tundu linayameza taratibu. Glug. Glug. Nikaziba. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeona isipokuwa Zefania, na Zefania si mtu wa kuhesabiwa.

Jioni nikaamua kuwahi. Nikamwendea Mama Witness, nikamwambia kwa uchungu kwamba kuna mtu anamwaga dizeli yake kila asubuhi. Akamwita Zefania. Zefania akaja na chupa ya soda. Juu dizeli ya njano, chini maji kiasi cha kidole, katikati uchafu mweusi kama mate ya mvuta tumbaku. Akasema hicho ndicho anachomwaga. Mama Witness akaishika chupa kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya harusi.

Akauliza yangu iko wapi. Nikasema langu halina cha kunyonywa.

"Hata baada ya mvua hii?"

Hata baada ya mvua hii, nikasema. Ila, Mama, haki haipo. Lile pipa jekundu nililetewa likiwa na kutu, mwenzangu kapewa jipya. Haki ni kubadilishana. Nilisema mbele ya Zefania makusudi, abishe, aonekane mchoyo. Mjinga yule akasema yeye hana neno, hata sasa hivi. Mama Witness akasema atafikiria.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Alizeti haijui sikukuu. Magunia hamsini.

Mchana nikapata wazo la kuchuja. Nikachukua kile kitambaa tunachochujia mafuta ya alizeti, nikachuja pipa zima, ndoo baada ya ndoo. Dizeli imeingia na maji, imetoka na maji. Na sasa inanukia chapati.

Somoe kapiga. Mama yake ameshawatangazia majirani. Shemeji yangu anauliza kama kwenye ofisi yangu kuna nafasi ya msaidizi. Nikasema nitamwangalizia.

Nimewaza sana, nimekaa juu ya gunia. Kama langu haliwezi kuwa safi, la mwenzangu halina sababu ya kuwa safi. Hapo tutakuwa sawa. Tukiwa sawa, Mama atachagua mwenye uzoefu wa mbali.

Jumapili, 27 Aprili

Zefania kaenda kanisani na kwaya yake. Mama Witness naye kanisani. Uwanja mtupu, kuku tu.

Jagi mbili za maji. Nimefungua kizibo cha bluu, nimemimina, nimekaza kama nilivyokikuta. Tofali halikutikisika. Kazi safi! Nikalala mchana wote kama mtu mwenye chumba.

Waliporudi Zefania alikuwa bado anaimba. Nikamwambia sauti yake nzuri. Leo ningeweza kumsifia hata viatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Fundi Gabrieli amefika alfajiri, kabla ya chai. Mama Witness akasimama mbele ya mapipa kama hakimu. Akasema ameyafikiria maneno yangu ya Ijumaa na ameona yana ukweli. Kuanzia sasa hivi, kabla ya kupima, la bluu ni langu. Jekundu la Zefania.

Nikasema hapana, Mama! Nimelizoea jekundu. Nalipenda.

Akasema huo ni unyenyekevu mzuri, lakini haki niliiomba mwenyewe. Zefania akanipongeza! Akanipa mkono!

Fundi akaingiza mpira kwenye jekundu, hadi chini kabisa. Akajaza chupa, akaiweka juani, tukasubiri. Dizeli tupu. Hakuna hata jasho la maji. Akainusa, akauliza nani anakaanga humu, lakini akasema itawaka vizuri tu.

Nikashindwa kufumba mdomo. Zefania akaeleza, kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Ijumaa aliniona nakimbia kwenye mvua. Akanihurumia, mtu wa mbali, mgongo mbovu. Jana kabla ya kanisa alilitegea tofali pipa langu, akalinyonya maji yote. Na leo alfajiri alianza tena na langu, akamalizia matone. Lake leo hakuwahi kulifikia, fundi akawa ameshafika.

Kisha fundi akanyonya la bluu. Chupa nusu maji. Nusu!

Zefania akaapa kwamba jana asubuhi lilikuwa kavu. Wote watatu wakanigeukia. Nikasema haraka, labda ni umande. Fundi akauliza umande gani wa kiasi hiki.

Nikasema, "Kwani jagi mbili ni nyingi?"

Fundi akaanza kukunja mpira wake.

Jumatano, 30 Aprili

Niko Misigiri. Mama Witness hakunifukuza, wala hakupiga kelele. Alisema kaka yake ana mashine hapa na anahitaji bega. Zefania alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea begi, akanipa na karanga za njiani. Mtu mbaya sana yule. Anakusaidia mpaka unaharibikiwa.

Nimemwambia Somoe nimehamishwa kikazi. Kauliza chumba. Nimesema kinapakwa rangi.

Njia nzima nimetafuta nilipokosea, na nimepapata. Kosa ni kutia maji kwenye pipa moja. Mtu unajuaje kesho utapewa lipi? Ningetia yote mawili.

Hapa mapipa ni matatu. Mtunza mafuta ni mzee Mughwai, mpole, anasinzia kwenye kiti chake tangu saa nne, na gunia halimhusu. Nimempa shikamoo kwa mikono miwili. Kaipokea vizuri, kanikaribisha, kasema niulize chochote nisichokijua.

Nimeuliza kimoja tu. Watu wa hapa wanachota wapi maji?