"Waitu" Iliyobaki Kwenye Kinanda

Jumapili, 5 Machi 1989. Nyanga.
Umaarufu huo! Nimepata kinanda cha Kijapani dukani kwa Suryakant, anayehama. Unakitamkia neno, kinalimeza, kila kibao kinalirudisha: nene, jembamba. Ukikizima kinasahau. Nitatoa kaseti nzima ya sauti za watu tu. Bila gitaa, bila ngoma! Elieza, mwalimu wa kwaya, amesema huo ni wazimu. Wivu tu.

Jumatatu, 6 Machi.
Nimejaribu sauti yangu. Mafua matupu! Inatakiwa sauti tamu, na tamu kuliko zote ilikuwa ya dada Kokwijuka. Ugonjwa huu wa kukonda ulimchukua mwaka juzi. Ila kaseti yenye sauti yake ipo! Tuliirekodi Novemba 1978, tulipovikimbia vita hadi Kamachumu kwa mjomba. Tunanyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga, Mama anaita, Kokwijuka anaitika "Waitu!", ndiyo abee yetu, huku anacheka. Jamani, tulikuwa wote siku zile. Mama huisikiliza kila Jumapili, haruhusu mtu aiguse.

Nitaigusa kidogo.

Jumatano, 8 Machi.
Mama kaenda msibani, wa tatu mwezi huu. Nimeiba kaseti. "Waitu" imeingia kinandani, safi! Nikabonyeza vibao vinne, Kokwijuka wanne wakaitika. Nimelia. Kisha nikaona nifanye mazoezi ya hotuba ya kuwashukuru mashabiki. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi cha redio-kaseti. Kaseti ya Mama ilikuwa bado ndani! Senene, mjomba, kicheko, vyote vimefutika. Nimekwisha. Imebaki "Waitu" tu kinandani, sithubutu kukizima.

Jumapili, 12 Machi.
Mama katoka kanisani, kaweka kaseti. Nikasikika mimi, nikiwashukuru wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alikaa tu mkekani, akaita polepole: Kokwijuka. Sikuvumilia. Nikabonyeza kibao. "Waitu!" Mama akashtuka, akaita tena. Nikabonyeza tena. Tumeshinda hivyo mpaka ndizi zikaungua jikoni.

Jumatatu, 13 Machi.
Umeme umekatika, betri zinafifia. Lazima "Waitu" ihamie kwenye kaseti leo hii, la sivyo Mama atamzika Kokwijuka mara ya pili. Niifute hotuba yangu? Hapana, imetoka vizuri mno. Ila jirani Anatolia ana kaseti yenye sauti ya marehemu mumewe, anaifungia kabatini. Akienda shambani nitaiazima. Marehemu mwenyewe hakuwa msemaji.